Lukali Bila Waya

Hadithi hii aliisimulia kwanza bibi yetu, Sikudhani Kobelo, mwezi wa Agosti mwaka 2019, uani kwa binti yake mkubwa hapa Kichangani, Morogoro, wanawake walipokuwa wakichambua mchele wa harusi. Alianza kwa kusema "Hapo zamani", ingawa mambo yenyewe yalikuwa ya mwezi uliotangulia, na wahusika wawili walikuwa wamekaa palepale na nyungo magotini. Hakutaja majina. Alisema "mwanamke mmoja", "binti yake", "mkwe wake" na "mtani wake", na kila alipomtaja mtani, mtani mwenyewe aliitika. Ninaiandika kama alivyoisema. Majina nimeyaweka mimi, ili watakaoisoma baadaye wasiwachanganye watu.

Hapo zamani, alisema, palikuwa na mwanamke mmoja aliyeolewa na mpiga gitaa.

Mpiga gitaa huyo, Lukali, hakupiga solo. Mpiga solo hujulikana; akipita sokoni watoto humwiga kwa midomo. Lukali alipiga rithim, lile gitaa linalokwenda chini ya wimbo kama mwanamke anayepepeta: halipandi, halishuki, halipumziki, na hakuna anayelisikia mpaka likome. Bendi yao ilirekodi wimbo mmoja uliopigwa redioni nchi nzima. Watu waliyashika maneno, wakaishika solo, wakaishika hata tarumbeta. Rithim hakuna aliyeishika.

Fundi wa studio aliyeurekodi wimbo ule alimpenda Lukali kwa sababu hakukosea hata mara moja. Studio ilipobadilisha vyombo vyake, fundi akampa hedifoni za zamani: nyeusi, nzito, zenye mito ya ngozi na waya uliojiviringa. Lukali alipofariki, gitaa lilichukuliwa na mpwa wake, kama desturi yetu inavyotaka. Mjane akabaki na redio kaseti, kaseti yenye wimbo ule, na zile hedifoni.

Kila siku, kazi za asubuhi zikiisha, Sikudhani alikaa kwenye kiti chake karibu na redio, akazivaa, akabonyeza. Ukimsikiliza Lukali kwenye redio ya kawaida hayumo. Unasikia wimbo, basi. Kwenye zile hedifoni yumo, chini kidogo ya solo, upande wa ndani, anakwenda. Mguu wa Sikudhani ulikuwa ukimfuata kwa kupiga sakafu.

"Ninyi mnasikiliza muziki," alikuwa akiwaambia wanawe. "Mimi nipo na mtu."

Kisha kiharusi kikampata. Kilikuwa chepesi, mdomo ulirudi, mkono ukarudi. Mguu wa kushoto ndio uliobaki nyuma. Mtaalamu wa viungo alikuja nyumbani, akaukunja, akaunyoosha, akasema, "Mama, dawa ya mguu huu ni kutembea. Kila siku, uani, taratibu. Usipoutembeza, baada ya muda hautarudi tena."

Sikudhani akasema sawa. Mtaalamu akaondoka. Sikudhani akarudi kwenye kiti chake, akavaa hedifoni.

"Mama, umeambiwa utembee," akasema Mwajabu, binti yake mkubwa.

"Waya huu unafika kitini tu. Nikisimama unang'oka."

"Si uvue? Tembea kwanza, halafu uje uvae."

"Nikitembea bila yeye nahesabu hatua. Nikihesabu hatua nachoka. Nikichoka nakaa. Sasa kama mwisho wake ni kukaa, ninyanyukie nini?"

Ilikuwa hivyo wiki ya kwanza, ikawa hivyo wiki ya pili. Mguu wa kushoto ukaanza kuwa mwembamba kuliko mwenzake. Mwajabu aliuona alipokuwa akimpaka mafuta. Akafunga mlango wa chumba, akalia, akafungua mlango. Akasema, "Mama, siku hizi ziko hedifoni zisizo na waya. Unavaa, unatembea, unakwenda hata kwa jirani, na wimbo uko nawe."

Sikudhani akamtazama. "Na Lukali yumo?"

"Tutatafuta zenye Lukali."

Hapo ndipo Sikudhani akasema maneno yaliyoleta kesi hii. Alizivua hedifoni zake, akaziweka mapajani, akasema: "Atakayenifanya nimsikie Lukali bila waya, kama ninavyomsikia humu, hizi za waya ni zake. Nimesema mbele ya Mungu na mbele ya Nyamizi, ambaye hajui kunyamaza."

Nyamizi, jirani yake na mtani wake, alikuwa amekaa mlangoni. Akasema amesikia.

Sasa, mtu wa kwanza ni Mwajabu.

Mwajabu alinunua hedifoni za kwanza hapa mjini kwa kusikiliza maneno ya muuzaji. Sikudhani akavaa. Akatikisa kichwa. "Hii ni ngoma ya mdundiko. Wimbo nausikia. Lukali simsikii."

Mwajabu akanunua nyingine, kwa maneno ya muuzaji mwingine. Sikudhani akavaa. Akakunja uso. "Hii ni mvua juu ya bati. Wimbo nausikia. Lukali simsikii."

Basi Mwajabu akakumbuka kazi yake. Mwajabu ni fundi cherehani. Fundi cherehani akitaka uzi wa rangi ya gauni haendi dukani na maneno. Huenda na gauni lenyewe, akaweka uzi juu ya kitambaa, akatoka nao nje kwenye jua. Akamwomba mama yake zile za waya, siku moja tu. Akazifunga kwenye khanga, akapanda basi la Dar es Salaam, akaingia Kariakoo.

Duka la kwanza, muuzaji akamwambia, "Mama, hizi ni blutuu halisi. Zina besi hadi meno yanacheza."

"Meno yangu sitaki yacheze."

"Sasa unataka nini?"

"Una wimbo wa dansi kwenye simu? Wa zamani, wenye magitaa mawili."

Muuzaji akautafuta, akaupata. Mwajabu akachomeka zile za waya kwenye simu ya muuzaji, akasikiliza mpaka akalipata gitaa la chini. Kisha akavaa zisizo na waya, wimbo uleule, pale pale ulipoanzia. Sauti aliisawazisha mwenyewe, isizidi huku wala kule, kwa sababu chenye kelele zaidi hudanganya sikio kama taa ya duka inavyodanganya rangi. Gitaa la chini lilikuwa limepotea. Akavua, akashukuru, akaenda duka la pili. Akaenda la tatu. Akarudi la kwanza kujaribu aina nyingine.

"Mama," akasema muuzaji, "wewe unatafuta hedifoni au unatafuta mume?"

"Mume. Ila si wangu, ni wa mama yangu."

Muuzaji akacheka, akamvutia kiti. Akamshushia maboksi mpaka yale ya juu kabisa, yenye vumbi, ambayo hakuna aliyeyaulizia kwa sababu hayana taa zinazowaka wala jina linaloimbwa. Jioni ikikaribia, Mwajabu akavaa moja, akasikiliza. Akavaa za waya, akasikiliza. Akavaa tena ile moja. Gitaa la chini lilikuwa mahali pake. Akafumba macho akamwambia muuzaji ambadilishie mwenyewe, hii, ile, hii, bila kumwambia ipi ni ipi; na mara mbili akakosea kuzitambua.

"Hizi," akasema.

Siku hiyo nzima mama yake alishinda bila Lukali, amenuna, akichagua maharage yaliyokwisha chaguliwa.

Asubuhi Mwajabu akaziunganisha na simu ya mama yake, akauweka wimbo, akamkabidhi, akasimama pembeni mikono kifuani. Sikudhani akavaa. Akasikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilikuwa jambo jipya. Kisha akavua taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

"Ni nzuri, mwanangu. Wimbo nausikia. Lukali simsikii."

Mwajabu alizirudisha kwenye boksi, akaliweka boksi juu ya kabati, akaenda kazini na uso wa fundi aliyekata vibaya kitambaa cha mteja.

Mtu wa pili ni Kondo.

Kondo ni Mzaramo wa Kisarawe, fundi redio, mume wa binti mdogo wa Sikudhani. Ni mkwe wa adabu za zamani. Akija kwa mama mkwe wake hupiga hodi akiwa bado mbali, hukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na macho huyaweka sakafuni. Sikudhani naye, akisikia hodi hiyo, huvuta khanga kichwani na kuibana mpaka mashavuni. Wanaongea vizuri, wanacheka, wanaulizana habari za shamba na za afya. Ila hawatazamani, na kichwa cha mama mkwe hakionekani. Ndivyo nyumba ile ilivyo.

Kondo aliposikia kwamba hata za Kariakoo zimeshindwa, alikuja na begi lake la vyombo. Akaomba boksi lile la juu ya kabati. Akazivaa mwenyewe, akasikiliza kidogo, akazivua.

"Mama, wimbo huu wa kwenye simu ulitoka wapi?"

"Kwenye kundi la ukoo."

"Na kwenye kundi ulifikaje?"

"Mpwa wa marehemu, yule wa Matombo. Siku moja redio iliupiga, akaweka simu yake mbele ya redio. Akamtumia dada yake, dada akamtumia shangazi, shangazi akatutumia."

Kondo akaiambia sakafu, "Mama, kila simu ulimopita wimbo huu ulibanwa ili upite. Huu si wimbo. Huu ni uvumi wa wimbo."

Sikudhani akacheka ndani ya khanga.

"Mnazishitaki hedifoni bure," akasema Kondo. "Za waya zimechomekwa kwenye redio kaseti, zinakula kwenye kaseti yenyewe. Hizi zinalishwa makombo. Halafu mnauliza kwa nini hazishibi."

Akafanya kazi yake. Alifungua redio kaseti, akasafisha kichwa kinachosoma utepe kwa pamba na spiriti. Akaunganisha redio na kompyuta yake kwa waya, akaupitisha wimbo kutoka kwenye kaseti, akausikiliza, hakuridhika, akaupitisha tena. Akauweka kwenye simu ya mama mkwe bila kuubana. Kisha akazisogeza hedifoni mezani kwa mikono miwili, kichwa kikiwa kimeinama.

"Jaribu, mama."

Sikudhani akazivaa. Akasikiliza.

"Baba," akasema, "sasa yupo. Yupo mlangoni. Ila haingii."

Kondo akasema labda ni mpangilio wa simu. Akaupanga, na kila jioni akaondoka na redio na hedifoni hizo begini akazichunguze kwake. Akarudi kesho yake. "Sasa je, mama?" "Yupo mlangoni, baba." Akatafuta namna nyingine ya kuziunganisha na simu. Akarudi kesho yake. "Sasa je?" "Mlangoni." Kwa kuwa macho yake yalikuwa chini, alichokiona Kondo siku zote hizo ni miguu ya mama mkwe wake, nayo haikupiga sakafu.

Mtu wa tatu ni Nyamizi.

Nyamizi ni Mnyamwezi wa Tabora, mke wa mstaafu wa reli, na nyumba yake imepakana na ya Sikudhani. Kwa kuwa Wanyamwezi na Waluguru ni watani, Nyamizi hakuwahi kupiga hodi katika nyumba ile. Huingia na tusi.

"Mmezaliwa mlimani," alikuwa akimwambia Sikudhani siku hizo za mguu, "babu zenu walipanda na kushuka kama mbuzi, leo nyanya mzima anaogopa ua."

"Babu zenu walibebeshwa mizigo mpaka pwani," Sikudhani alimjibu, "ndiyo maana hamna shingo."

Lakini siku ile, siku ya nne ya kazi ya Kondo, Nyamizi aliingia akakuta mambo hivi: Kondo kwenye kiti cha mlangoni, macho chini. Sikudhani kwenye kiti chake, khanga imebanwa mpaka mashavuni, hedifoni juu ya khanga. Na Sikudhani alikuwa akiinuka apate kunywa maji. Mguu wa kushoto ukamkatalia. Alishika meza, meza ikasogea, bilauri ikaanguka. Hakuanguka yeye. Alirudi kitini akahema.

Nyamizi alikuwa ameshafungua mdomo kumtukana. Akaufunga. Akavuka chumba, akamvua hedifoni, akaishika khanga kwa pindo, akaivuta yote.

"Nyamizi, mkwe yupo hapa."

"Na akae."

Kondo alisikia sauti hiyo, akajua kilichotokea kabla hajaambiwa. Alijigeuza na kiti chake, uso ukutani, pua ikakaribia kugusa kalenda.

Nyamizi akazishika hedifoni, akazivalisha juu ya mvi tupu, akazibana kwenye masikio yenyewe. Akabonyeza simu wimbo uanze upya.

Sikudhani alikuwa na tusi tayari, zito, la kumtosha mtani na ukoo wake. Halikutoka. Mguu wa kulia ukaanza kupiga sakafu. Ukapiga, ukapiga. Kisha wa kushoto, ule mwembamba, nao ukaanza, kwa kuchelewa, kama mwanafunzi aliyeingia darasani wenzake wakiwa wanaimba.

Akasimama. Hakuna kilichong'oka. Akapiga hatua, akapiga nyingine, akashika fremu ya mlango, akashuka ngazi, akaingia uani. Nyamizi alimfuata nyuma na khanga mkononi, akamrushia kichwani, juu ya hedifoni safari hii. Sikudhani hakugeuka. Alilizunguka karo la kufulia, akaipita kamba ya nguo, akazidi kwenda.

Mwajabu ndiyo kwanza alikuwa anafungua geti, mfuko wa vitambaa begani. Alimwona mama yake anakuja akitembea, anatabasamu na mtu ambaye hayupo. Alisimama palepale. Mama yake akampita kama anavyopitwa mtu barabarani, akaligusa geti, akarudi.

Ndani, Kondo akauliza ukuta, "Mama amesikia?"

Akapaza sauti.

"Jamani. Mama amesikia?"

"Tulia na kalenda yako," akasema Nyamizi kutoka uani. "Mama yako anazunguka karo."

"Kwa mguu upi?"

"Kwa yote miwili."

Kondo hakugeuka. Alikaa pale mpaka wimbo ukaisha, akiangalia tarehe, akifuta uso kwa kiganja.

Baadaye waliketi wote. Sikudhani alikuwa amejifunika sawasawa, Kondo amegeuza kiti, Mwajabu ameketi mkekani akiukanda mguu wa mama yake uliokuwa unatetemeka kwa kuchoka. Za waya zilikuwa mezani. Kila mtu alizitazama, na kila mtu alijifanya hazitazami.

"Nilisema neno," akasema Sikudhani. "Semeni na ninyi."

Mwajabu akasema: "Mama, hedifoni ulizotembea nazo leo ni zile zile nilizokuletea. Hakuna aliyezibadilisha. Zilikuwa nzuri siku ile ya kwanza, zikawekwa juu ya kabati kwa kosa lisilo lao. Wapo walioleta wimbo, wapo waliovuta khanga; lakini vuta khanga, leta wimbo, kisha uvae zile za mvua ya bati, uone kama Lukali atakuja. Nilizichagua kwa masikio haya. Na masikio haya yalifundishwa na hizi hapa. Baba alikuwa akivaa upande mmoja, upande wa pili akinipa mimi, nikiwa nimekaa mgongoni mwa kiti. Nazitaka kwa sababu upande mmoja nimekwisha pewa."

Kondo akasema, macho chini: "Shemeji amesema kweli. Mimi naongeza moja. Sikio zuri likipewa uvumi litasikia uvumi. Ule wimbo wa simu Lukali hakuwemo. Alikwisha tolewa. Huwezi kumsikia mtu ambaye hayumo, hata uvae nini, hata uvue nini. Nilimtoa kwenye kaseti nikamleta mzima. Na nitasema kwa nini nazitaka. Nyote hapa mlimwona. Mimi nilioa amekwisha zikwa. Watu wananiambia, baba mkwe wako alikuwa hivi, alikuwa vile. Mara ya kwanza kukutana naye ni wiki hii, nilipokuwa ninamhamisha. Na alipoingia kwa mkewe, mimi nilikuwa ninatazama Julai."

Wote walicheka, hata yeye.

Nyamizi akasema: "Mmemaliza wasomi? Huyu alileta nyumba, huyu alileta mgeni. Mgeni akakaa mlangoni siku nne. Nani aliyefungua mlango? Fundi wa nguo hakuona kitambaa kichwani mwa mama yake. Fundi wa redio hakuinua macho. Mimi niliona. Siku zote akivaa za waya yuko peke yake, kichwa wazi, mto umelala kwenye sikio. Akivaa hizi, mkwe yupo, khanga inaingia katikati, sauti inavuja kama maji kwenye chungu chenye ufa. Na hata wangeona, nani hapa angeweza kumvua mama mtu mzima khanga mbele ya mkwe wake? Binti? Angelaaniwa. Mkwe? Asingethubutu. Utani ndio ufunguo, na utani ni wangu."

"Mama Nyamizi," akasema Mwajabu, "mbona siku nilipozileta mkwe hakuwepo? Mama hakuwa na khanga, na bado hakumsikia."

"Siku ile ulikuwa na wimbo mbovu. Hilo muulize shemeji yako."

"Haya. Na la khanga uliligundua lini?"

Nyamizi akajikuna mkono. "Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi."

"Najua leo ni lini."

"Kwa hiyo siku tatu ulijua na ulinyamaza. Wewe."

"Nilinyamaza." Nyamizi hakumtazama Mwajabu, alimtazama Sikudhani. "Miaka ishirini ninakaa pale mlangoni. Mwenzangu akivaa madude yale, ninaongea peke yangu mpaka kaseti iishe. Siku hizi tatu amekosa Lukali, ameongea na mimi. Tumeongea mpaka mambo ya usichana wetu. Nilisema niache kidogo. Leo nilipouona mguu unamkataa, sikuweza tena. Nazitaka zile kwa sababu moja tu: nivae siku moja, nisikie ni kitu gani kilichonishinda."

Halafu Kondo, taratibu, akasema, "Shemeji, wimbo ule wa kundi nani aliuweka kwenye simu ya mama?"

"Mimi."

"Ulijaribu hedifoni duka zima kwa uangalifu, halafu nyumbani hukuzivaa hata kidogo?"

"Sikuzivaa," akasema Mwajabu. "Nilikuwa na haraka ya kumwona akifurahi."

"Na wewe, baba," akasema Nyamizi, "ungeziacha hizi hapa ukaenda zako kwako siku yoyote kati ya zile, mama angevua khanga, angesikia mwenyewe. Kilichozuia mlango ni adabu yako."

"Ni kweli," akasema Kondo.

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na haki yake, na kila mmoja alikuwa na kosa lake, na yote yalikuwa mezani pamoja na zile hedifoni.

Sikudhani aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimewasikia. Nimewasikia kuliko nilivyotaka." Akamtazama binti yake, akatazama upande wa mkwe wake, akamtazama mtani wake. Nyamizi akasema wazikate, kila mtu achukue sikio lake na wa tatu achukue waya. Hakuna aliyecheka sana. Mwajabu akasema wapokezane kwa miezi. Sikudhani akasema, "Sikusema nitawaazima. Nilisema ni zake. Neno langu lilikuwa na mtu mmoja."

Lakini mtu huyo hakumtaja. Alivaa zile zisizo na waya, akavuta khanga juu yake, akaenda uani kutembea.

Hapo ndipo alipoishia kusimulia siku ile ya mchele. Wanawake waligawanyika. Wenye mabinti wakubwa walisema ni Mwajabu, kwa sababu chombo ndicho kilichotafutwa, na chombo alikileta yeye. Mama mmoja wa Mwembesongo alisema ni Kondo, kwa sababu yeye peke yake hakuiona furaha aliyoifanyia kazi, na asiyeiona furaha alipwe kwa kitu kingine. Shangazi yetu alisema ni Nyamizi, na siku tatu zile hazimhukumu bali zinamtetea, kwa kuwa aliyeacha kitu alichokipenda ili mwenzake asimame ametoa zaidi ya wote. Mwingine akamjibu kwamba mwizi akirudisha mali hapewi zawadi. Ulizuka ubishi mpaka mchele mmoja ukachambuliwa mara mbili na mwingine ukapikwa na mawe yake. Bibi Sikudhani alimsikiliza kila mmoja, akamwambia kila mmoja kwamba amesema vizuri.

Wapo katika familia wanaosimulia kwamba hedifoni za Kariakoo zilikuwa za zawadi, na wapo wanaosema Kondo alitoka nje. Si kweli. Zilinunuliwa, na Kondo alikuwa ukutani.

Waliohusika wote wako hai, isipokuwa Lukali, aliyefariki mwaka 1998. Bibi Sikudhani yu hai, anatembea mpaka kwa Nyamizi na kurudi. Nyamizi yu hai, na anasikia vizuri. Kondo yu hai. Mwajabu yu hai, bado anashona. Za waya ziko mezani kwa bibi, hakuna aliyezichukua, na bibi akiulizwa huongeza sauti ya wimbo. Mimi nimeandika nilichosikia na sijui zaidi. Basi ninyi mliosoma bila undugu na yeyote kati yao, niambieni: kati ya aliyezichagua, aliyemleta na aliyemfungulia, je, za waya ni za nani?